Neno "Bado" na Ahadi Iliyomo Ndani Yake

Katika mji wa Katoro, tangu maduka yafunguliwapo asubuhi mpaka taa zizimwapo usiku, ni maneno machache yasikikayo mara nyingi kama neno hili dogo la silabi mbili: bado. Mwenye duka amwuliza mteja kama fedha za unga zimepatikana, naye hujibu, "Bado." Mama amwuliza fundi cherehani kama sare ya mtoto imekwisha, naye hujibu, "Bado, mama." Msafiri aulizia basi la Mwanza; bado. Vijana warudio kutoka machimbo ya Rwamgasa na Nyarugusu waulizwa kama mwamba umepatikana, nao hujibu kwa sauti moja, "Bado."

Wote hao wametamka neno lile lile, lakini hawakusema jambo moja. Mmoja ametoa habari tu, mwingine ameomba subira, na mwingine, pengine, amejificha nyuma ya neno. Kwa hiyo juma hili tumeona vema kulichukua neno hili tulisome pamoja, wasomaji wapenzi, kama wanafunzi wasomavyo darasani: tutazame asili yake, sarufi yake, na mwenzake wa lugha ya Kitaliano, kisha tupime uzito wake nyumbani na kazini.

Tumeichagua Katoro kuwa darasa letu kwa sababu ni mji wa Kiswahili cha kazi. Umekaa katika Wilaya ya Geita, kandokando ya barabara iendayo Chato, ukishikana na Buseresere ambayo ni ya wilaya ya pili. Msukuma, Mzinza, Msumbwa, Mha na Mhaya wote hukutana hapo sokoni, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha katika bei na katika deni. Mahali pa namna hiyo neno hupimwa kwa yale linayoyaleta nyumbani.

Asili na maana

Neno "bado" limetujia kutoka Kiarabu, katika shina lile lile lililotupa "baada" na "baadaye". Undugu huo si wa kusahauliwa, kwa maana ndani ya "bado" daima mna jambo la baadaye. Wanasarufi huliweka katika kundi la vielezi, yaani maneno yatoayo habari zaidi juu ya tendo: lilitendeka lini, wapi, kwa jinsi gani. "Bado" ni kielezi cha wakati, nacho kina maana tatu zilizo kubwa.

Maana ya kwanza ni kwamba hali iliyokuwapo ingali ipo. "Bado analala." "Bado mvua inanyesha." Wazee wetu wa pwani walikuwa na njia nyingine nzuri ya kusema hayo, nayo haijafa katika vitabu: "angali amelala", "tungali hai", "kungali mapema". Mwenye kupenda lugha yake na asiiache njia hiyo ipotee.

Maana ya pili ni kwamba jambo linalongojewa halijatokea. "Bado hajafika." "Bado hatujavuna." Hapa "bado" huandamana na kitenzi cha ukanushi chenye "ja", ambacho tutakieleza mara moja.

Maana ya tatu ni ya kupinganisha mambo mawili, la pili likiwa kinyume cha lile lililotazamiwa. "Amechimba miaka kumi, bado ni maskini." "Amefundishwa mara tatu, bado anakosea." Hapo msemaji hasemi habari ya saa tu, anaonyesha kwamba jambo lilipaswa kugeuka, nalo halikugeuka.

Ziko pia semi ndogo ndogo zilizozaliwa na neno hili. "Bado siku mbili" maana yake zimesalia siku mbili. "Bado wawili" maana yake wawili hawajaja au hawajahesabiwa. "Bado kulipa" maana yake hajalipa. "Bado kidogo aanguke" maana yake nusura aanguke. Katika semi hizo zote kuna sehemu iliyosalia. Mtu asemapo "bado", ajue ameonyesha kidole mahali palipo wazi.

Sarufi yake

Somo kubwa la neno hili limo katika kutofautisha "hakufika" na "hajafika". Wageni wengi wajifunzao Kiswahili huona ni kitu kimoja, kwa kuwa katika maneno yote mawili mtu hayupo. Lakini Mswahili husikia tofauti kubwa. "Hakufika" ni habari ya wakati uliokwisha pita na mlango uliokwisha fungwa: harusi ilifanyika, chakula kililiwa, naye hakufika. "Hajafika" ni habari ya mlango ulio wazi: harusi ingali yaendelea, nasi twamtazamia. "Bado" ni rafiki wa "hajafika", wala hapatani na "hakufika". Asemaye "bado hakufika" amefunga mlango na kuufungua kwa pumzi moja.

Vivyo hivyo na neno "kabla". Kwa Kiswahili kizuri twasema, "Tuondoke kabla mvua haijanyesha," wala hatusemi "kabla mvua hainyeshi". Lugha yetu hutaka tutazame ile nafasi iliyopo kati ya sasa na jambo lijalo, na nafasi hiyo ndiyo kazi ya "ja".

Yafaa pia tuangalie vitenzi vyenye silabi moja. Twasema "sijala", "hajaja", "hatujanywa". Wengi wetu wa bara tumezoea kusema "sijakula", lakini Kiswahili sanifu hakiweki "ku" hapo. Wazazi na walimu wakiwasahihisha watoto kwa upole mezani, kosa hili litapungua.

Historia ya Geita yenyewe yaweza kutufundisha sarufi hii. Mgodi wa zamani wa Geita ulianza kazi mwaka 1936, ukafungwa mwaka 1966. Mtu aliyesimama mbele ya mitambo iliyonyamaza mwaka ule angeweza kusema, "Dhahabu imekwisha." Kumbe neno la haki lilikuwa, "Dhahabu bado ipo." Mwaka 2000 mgodi mkubwa wa kisasa ulianza kuzalisha katika nchi ile ile. Kati ya "imekwisha" na "bado" palikuwa na miaka thelathini na minne. Ndiyo maana mtu mwenye hekima hakimbilii kusema "imekwisha" pale anapoona kimya tu.

Mwenzake wa Kitaliano

Ili tulifahamu vema neno letu, na tulilinganishe na neno la wengine. Katika jamaa zetu wamo mapadre, masista na wanafunzi waliokwenda Roma kusoma, na kati ya maneno ya kwanza waliyokutana nayo huko ni kielezi cha Kitaliano "ancora". Waulizapo maana yake, huambiwa, "Ni bado." Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu tu ya kweli.

"Dorme ancora" ni "bado analala". "Non è ancora arrivato" ni "hajafika bado". Mpaka hapo maneno haya mawili yaenda pamoja kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Lakini Mtaliano asemapo "ancora una volta", maana yake ni "mara moja tena"; na aombapo mezani "ancora un po' di pane", maana yake ni "mkate kidogo zaidi". Kwa hiyo "ancora" hufanya kazi ya maneno yetu matatu: bado, tena, na zaidi. Sisi tumeyagawa, wao wameyaweka katika kapu moja. Wala si ajabu, kwa maana yote matatu yahusu jambo lisilokoma: hali inayoendelea, tendo linalorudi, kitu kinachoongezwa.

Iko tofauti nyingine, na hiyo ndiyo tuitakayo sana. Mtanzania akiulizwa kwa Kitaliano, "Hai mangiato?", yaani "Umekula?", atataka kujibu kwa neno moja kama nyumbani, "Ancora." Mwenyeji atababaika, pengine adhani mgeni amekwisha kula na sasa ataka kuongezewa. Jibu la sawa ni "Non ancora." Neno lao haliwezi kukanusha peke yake, lahitaji "non" litangulie. Neno letu lasimama peke yake na kubeba mambo mawili mara moja: ukanushi, kwamba sijala, na matazamio, kwamba nitakula. Ni mzigo mkubwa kwa neno dogo.

Kuna na jambo la matamshi. Mtaliano akitia mkazo katika silabi ya pili, "ancóra", amesema bado. Akitia mkazo katika silabi ya kwanza, "áncora", amesema nanga. Katika maandishi ya kawaida alama haziandikwi, na msomaji hujua kwa maana ya sentensi. Sisi Waswahili, ambao hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, tutatamka kielezi vizuri bila kufundishwa, ila tutaikosea nanga. Maneno hayo mawili hayana asili moja. Nanga ni neno la Kiyunani lililopitia Kilatini. Hata hivyo mfano wake watufaa. Wavuvi wa Nkome na Chato wajua kazi ya nanga: huzuia mashua isichukuliwe na upepo, lakini haiifikishi pwani. Hata "bado" liko hivyo. Lamshika mtu asikate tamaa, lakini halimfikishi popote. Atakayefika ni yule atakayeivuta nanga na kushika kasia.

Adabu ya kujibu "bado"

Katika Kiswahili kuna maswali ambayo hayajibiwi vizuri kwa "hapana". Kijana akiulizwa, "Umeoa?", hujibu, "Bado." Mama mdogo akiulizwa, "Una watoto?", hujibu, "Bado." Mzee wa miaka sabini akiulizwa, "Umewahi kufika Dar es Salaam?", hata yeye hujibu, "Bado, mwanangu." Jibu la "hapana" halikosi sarufi, bali laonekana kavu, kama mtu aliyefunga mlango wa maisha yake mbele ya mgeni. Kwa kusema "bado" mtu akiri kwamba siku zake hazijahesabiwa zote. Ndipo wahenga waliposema, "Hujafa hujaumbika." Methali hiyo yote imesimama juu ya "ja" mbili.

Lakini kwa sababu "bado" lina matazamio ndani yake, kuna maswali ambayo haliwezi kuyajibu. Hakimu akimwuliza mshtakiwa, "Je, umeiba?", na mshtakiwa ajibu, "Bado," watu wote barazani watacheka, isipokuwa mwenye mali. Maana kwa kusema hivyo hakukana tendo, ametangaza nia. Kwa mfano huo hata mtoto ataelewa kwamba "bado" si "hapana" iliyopakwa asali. Ni ahadi, na wazee walitwambia kwamba ahadi ni deni.

Na kwa sababu hiyo hiyo neno hili laweza kuumiza. Wako mume na mke waliokaa katika ndoa miaka saba bila mtoto. Kila sikukuu shangazi na wifi huuliza kwa sauti ya upole, "Bado tu?" Wasemaji waona wametumia neno la adabu. Msikiaji asikia kwamba ana deni, na kwamba siku ya kulilipa imepita. Lile "bado" ambalo mke mwenyewe akilisema ni tumaini lake, likisemwa na mwingine lageuka kuwa dai. Twawasihi wasomaji wetu wakumbuke tofauti hiyo: "bado" la mtu juu ya maisha yake ni lake mwenyewe, wala jirani asimnyang'anye na kumrudishia kama swali.

"Bado" la machimboni

Sasa turudi Katoro, tuone neno hili likifanya kazi yake iliyo ngumu kuliko zote.

Katika machimbo mengi ya wachimbaji wadogo mwenye duara hutoa chakula, zana na gharama nyingine, nao vijana hutoa nguvu zao. Mshahara wa mwezi hakuna. Shimo huchimbwa kwenda chini, kuta zake zikishikwa kwa magogo yaitwayo matimba, na fungu la kila mtu hutoka pale mawe yenye dhahabu yanapopatikana. Yaweza kupita majuma, yaweza kupita miezi. Katika muda huo wote kijana anaishi kwa neno moja tu. Mkewe aliyeko Sengerema au Shinyanga apiga simu, "Baba, mmepata?" Naye ajibu, "Bado." Kwa neno hilo mke huenda dukani kukopa sukari, na mwenye duka hukubali, kwa kuwa hakuambiwa "hapana".

Hata mawe yakipatikana, neno halikomi. Mawe bado kusagwa kwenye karasha. Yakiisha kusagwa, unga bado kuoshwa. Ukiisha kuoshwa, chembe bado kukamatwa kwa zebaki na kuchomwa. Dhahabu ikiisha kupatikana, bado kuuzwa. Ikiisha kuuzwa, bado kugawana. Kila hatua ina "bado" lake la haki. Na palipo na "bado" nyingi za haki, ni rahisi kuchomeka moja ya uongo.

Dhuluma ya namna hiyo haihitaji kisu wala ngumi. Mtu aliyeuza dhahabu jana awaambia wenzake leo, "Bado haijauzwa." Hakuna aliyepigwa, wala hakuna mlango uliovunjwa. Lakini vijana wanne walale njaa, wake wanne waongeze deni, na watoto wakae bila madaftari, kwa sababu ya silabi mbili. Wala si wakubwa tu wafanyao hivyo. Kijana aliyepokea fungu lake na kulimaliza kwa pombe na anasa katika siku mbili, akampigia mkewe simu na kusema, "Bado hatujapata," amemwibia mke wake mara mbili: amemwibia fedha, na amemwibia ukweli ambao kwa huo angeweza kupanga maisha yake. Maana mke aliyeambiwa kweli kwamba hakuna kitu angelima bustani, angeuza maandazi, angewaomba ndugu zake. Aliyeambiwa "bado" hukaa akingoja.

Basi twawezaje kulijua "bado" la kweli? Sisi twapendekeza maswali matatu, mepesi hata kwa mtoto wa shule. La kwanza: bado nini? Taja kazi iliyosalia, ni kusaga, au kuosha, au kuuza. La pili: mpaka lini? Hata kama siku haijulikani, msema kweli aweza kusema ni lini atakapotoa habari tena. La tatu: nani aweza kushuhudia? Tangu mwaka 2019 serikali imefungua masoko ya madini, na Geita ni moja ya mahali hapo. Dhahabu iuzwayo katika soko la halali huacha maandishi. Mwenye "bado" la kweli hujibu maswali hayo bila hasira. Mwenye "bado" la uongo hukasirika kwenye swali la kwanza.

"Bado" linalolinda na "bado" linaloficha

Tusilione neno hili kuwa la hila tu. Liko "bado" moja ambalo lingesemwa kwa sauti kubwa zaidi katika machimbo yote, watoto wengi wangepona. Ni lile la maana ya kwanza: "Huyu bado ni mtoto." Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtu aliye chini ya miaka kumi na minane ni mtoto, nayo yakataza kumtia katika kazi za hatari, na machimbo ni mojawapo. Mvulana wa miaka kumi na mitatu aweza kuwa na mabega mapana. Aweza kubeba kiroba cha mawe kama mtu mzima. Aweza hata kutaka mwenyewe kushuka shimoni ili ajinunulie viatu. Mzazi amjibu kwa neno moja: bado. Hapo "bado" halimnyimi kitu. Lamtunzia kitu, yaani mwili wake na masomo yake, mpaka siku ya kuvitumia.

Na liko "bado" ambalo msemaji hujidanganya nalo mwenyewe. Wachimbaji wengi huchanganya zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma karibu na nyumba, wakiambiwa juu ya hatari yake hujibu, "Mbona bado sijaumwa?" Twawaomba wasikilize sarufi ya maneno yao wenyewe. Hawakusema "sitaumwa", wamesema "sijaumwa", na "ja" ni mlango ulio wazi. Mvuke wa zebaki huingia mwilini bila harufu wala maumivu, nao hudhuru mishipa ya fahamu polepole, hata mikono ikaanza kutetemeka. Na kwa mama mjamzito madhara yaweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mataifa yaliafikiana mwaka 2013 katika Mkataba wa Minamata kupunguza matumizi yake. Asemaye "bado sijaumwa" amesema kweli tupu. Kosa lake ni kuisikia nusu ya neno lake na kuiacha nusu ya pili.

Zoezi la nyumbani

Kama ilivyo desturi ya masomo, twatoa zoezi fupi ambalo jamaa yaweza kulifanya jioni, baba au mama akiuliza na watoto wakijibu. Sahihisheni sentensi hizi:

1. Bado sijakula.
2. Bado barua hakufika.
3. Rudini nyumbani kabla jua halitui.
4. Babu alifariki mwaka jana, bado hajamwona mjukuu wake.
5. Deni lako nitalipa, bado.

Majibu ni haya. Ya kwanza: "Bado sijala," kwa kuwa kitenzi cha silabi moja hakichukui "ku" baada ya "ja". Ya pili: "Bado barua haijafika," maana "bado" hutaka "ja", na barua si mtu. Ya tatu: "kabla jua halijatua." Ya nne: "Babu alifariki mwaka jana bila kumwona mjukuu wake." Sarufi ya vitenzi haikukosewa katika sentensi ya nne, lakini ukweli umekosewa: mlango umekwisha fungwa, na "bado" halina kazi mahali ambapo hakuna linalongojewa. Ya tano haina kosa la lugha hata moja. Kosa lake ni kwamba haina siku. Ikamilisheni hivi: "Deni lako bado sijalilipa, kwa kuwa mahindi hayajauzwa, Jumamosi nitakuja kukupa habari."

Sentensi hiyo ya mwisho ina maneno mengi kuliko ile ya kwanza, na kwa mwenye haraka yaweza kuonekana ndefu. Lakini mwenye duka wa Katoro akiisikia ajua aandike nini katika daftari lake, na mama aliyeko Sengerema akiisikia ajua apike nini jioni. Basi kila mmoja wetu juma hili, kabla hajatamka "bado", na aitafute kwanza siku ya kuliambatanisha nayo. Akikosa siku, na aseme sababu. Akikosa na sababu, na awe na moyo wa kusema "hapana", ili yule anayemngoja ainuke akatafute njia nyingine.